Kufundisha Mahali pa Amani: Mifano ya Mpanda na Katavi

Neno amani hutajwa mara nyingi katika shule zetu za msingi. Limo katika masomo ya historia na maadili, limo katika Wimbo wa Taifa, limo katika hotuba za sikukuu. Hata hivyo, kutajwa mara nyingi si kueleweka. Mwanafunzi wa darasa la tano akiulizwa amani ni nini, hujibu kwamba ni kutokuwapo kwa vita. Akiulizwa amani iko wapi, hujibu kwamba iko Tanzania. Akiulizwa imefikaje hapo na nani anaitunza, hana la kusema. Hapo ndipo mwalimu anapopaswa kuanza kazi yake.

Sisi wakufunzi tunaokagua mazoezi ya ufundishaji hukutana na maandalio mengi ya somo hili. Aghalabu mwanachuo huandika ubaoni orodha ya mahali palipo mashuhuri kwa amani: New York, yaliko makao makuu ya Umoja wa Mataifa, The Hague, iliko Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Hiroshima, palipojengwa bustani ya kuwakumbuka waliouawa kwa bomu la atomiki mwaka 1945. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, somo likawa limekwisha. Orodha hiyo haina kosa. Lakini mtoto wa Mpanda huondoka darasani akiamini kwamba amani hutengenezwa mbali, na watu asiowajua, ndani ya majumba ambayo huenda asiyaone maishani mwake. Ilhali katika mkoa wake mwenyewe pana mahali ambapo watu waliokuwa hatarini walipona, na pana mahali ambapo vizazi vingi vimefika kwa heshima kuomba baraka.

Hati ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilisisitiza kwamba shule isijitenge na jamii inayoizunguka. Kanuni za ualimu nazo zinatutaka tumtoe mwanafunzi katika jambo analolijua na kumpeleka katika jambo asilolijua. Makala haya yanaonyesha jinsi ya kufuata mambo hayo mawili katika mkoa wa Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu ya mkoa wa Rukwa. Mwalimu wa mkoa mwingine anaweza kubadili mifano na kubakiza njia.

MAHALI PA AMANI NI MAHALI GANI?

Kwanza hapana budi mwalimu mwenyewe awe na maana iliyo wazi. Tunaweza kutofautisha aina tatu za mahali pa amani.

(a) Mahali patakatifu, yaani mahali ambapo imani au mila huwataka watu waingie kwa adabu na kujizuia. Huko Makka, katika eneo la Haram, ni mwiko kuwinda mnyama au kukata mti uliojiotea. Huko pwani ya Kenya, misitu ya kaya za Wamijikenda imesalimika kwa sababu ya miiko ya wazee, na mwaka 2008 baadhi ya kaya hizo ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

(b) Mahali pa kimbilio, yaani mahali ambapo mtu anayewindwa au kufukuzwa hupokewa na kupata usalama.

(c) Mahali pa mapatano, yaani mahali ambapo wenye ugomvi walikutana, wakazungumza na kutia sahihi.

Katika aina zote tatu jambo moja hujirudia. Mahali hapakuwa pa amani kwa sababu ya udongo wake au hewa yake. Palikuwa pa amani kwa sababu watu walikubali kujizuia au kufanya jambo fulani, na kwa sababu wengine waliendelea kulitunza jambo hilo. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila mahali panapotajwa darasani papimwe kwa maswali matatu:

1. Nani alikuwa hatarini?
2. Ni jambo gani lililokubaliwa au kukatazwa?
3. Nani analitunza jambo hilo leo, na likiachwa litakuwaje?

Maswali haya yaandikwe ubaoni tangu mwanzo wa kipindi cha kwanza na yasifutwe. Swali la tatu ndilo lenye uzito mkubwa kuliko mengine, na ndilo linalosahauliwa mara nyingi.

MFANO WA KWANZA: MKWAJU WA KATAVI

Masimulizi ya Wabende yanamtaja Katabi, mwindaji mashuhuri wa zamani, ambaye roho yake inaaminiwa kukaa katika mti wa mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Jina hilo ndilo lililopewa hifadhi ya taifa, na baadaye mkoa. Watu wa eneo hilo wamekuwa wakifika penye mti na kuacha sadaka ili waombe baraka.

Mfano huu una faida kwa mwalimu kwa sababu jina la Katavi kila mtoto analijua, ila wachache wanajua linatoka wapi. Katika swali la kwanza, wanafunzi watataja wenyewe hatari za mtu aingiaye porini: wanyama wakali, njaa, kiu na kupotea. Katika swali la pili, wataona kwamba aendaye penye mti huenda kama mwombaji, wala si kama mwenye amri.

Katika swali la tatu mwalimu awapeleke mbali zaidi. Eneo hilo lilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, likapanuliwa mwaka 1998, na sasa lina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Kwa hiyo leo mahali hapo panatunzwa na masimulizi ya wazee kwa upande mmoja, na sheria ya nchi kwa upande wa pili. Lakini Ziwa Katavi hulishwa na Mto Katuma, ambao maji yake hutumiwa pia kumwagilia mashamba kabla ya kufika hifadhini. Katika miaka ya karibuni mto huo umepungua mno wakati wa kiangazi, na viboko wameonekana wakisongamana kwa mamia katika madimbwi ya matope. Waulize wanafunzi: Je, mtu anayelima mpunga mbali na ziwa, ambaye hajauona mkwaju ule, ana wajibu wowote juu ya mahali pale? Swali hili huamsha mjadala mkubwa, kwa kuwa wengi wa wanafunzi ni watoto wa wakulima, na wanajua kwamba mkulima naye anahitaji maji. Mwalimu asifanye haraka kuufunga mjadala huo. Huo ndio ugomvi halisi wa mkoa wetu, na kujifunza kuuzungumza bila matusi ni sehemu ya somo.

MFANO WA PILI: KAREMA

Karema ni kijiji kando ya Ziwa Tanganyika, magharibi ya Mpanda. Mwaka 1879 Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoanzishwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kilijenga kituo chenye ngome mahali hapo. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi huwaita Mapadri Weupe. Wakati huo biashara ya utumwa ilikuwa bado inavitesa vijiji vya pande zote mbili za ziwa, na misheni ikawa kimbilio la watu waliotoroka au waliokombolewa.

Maisha ya Adrien Atiman yanafaa sana kusimuliwa hapa. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa na kuuzwa utumwani, kisha akakombolewa na wamisionari huko kaskazini mwa Afrika. Alisomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889. Hapo alitibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956, yaani kwa muda wa miaka 67. Wanafunzi waone jambo hili: aliyekuwa hatarini ndiye baadaye aliyekuwa mtunzaji. Jibu la swali la kwanza na jibu la swali la tatu ni mtu yule yule.

Hata hivyo mwalimu asiifanye Karema kuwa hadithi ya malaika. Kituo kile kilikuwa na ngome na silaha. Baadhi ya waliokombolewa walikombolewa kwa kununuliwa, na fedha iliyolipwa iliingia mikononi mwa wafanyabiashara wale wale wa watu. Waliopokewa walilazimika kuishi chini ya amri za misheni. Kwa wanafunzi wa darasa la sita au la saba, swali hili linafaa kuwa zoezi la kujadiliana: Je, mahali penye ukuta na bunduki panaweza kuitwa mahali pa amani? Hakuna jibu moja linalotakiwa. Kinachotakiwa ni kwamba kila atakayejibu atoe sababu.

Siku hizi Karema imejengewa bandari kubwa kwa ajili ya mizigo inayovuka ziwa kwenda Kongo. Ziwa lililopitisha watumwa sasa linatarajiwa kupitisha mahindi na saruji. Wanafunzi wataje ni mambo gani yanayopaswa kutunzwa ili iendelee kuwa hivyo.

MFANO WA TATU: KATUMBA NA MISHAMO

Huu ndio mfano ulio karibu zaidi na watoto wetu, na kwa hiyo ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa nchini Burundi, na maelfu mengi ya watu walikimbilia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi katika maeneo yaliyokuwa na watu wachache. Makazi ya Ulyankulu yaliwekwa katika mkoa wa Tabora. Katumba yalianzishwa mwaka 1973, karibu na reli ya Mpanda. Na Mishamo yalianzishwa mwaka 1978, upande wa kaskazini, katika njia iendayo Uvinza na Kigoma. Kila familia ilipewa shamba. Watu walifyeka miombo, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, na baada ya miaka michache walijitosheleza kwa chakula, wakawa na ziada ya kuuza. Mwaka 1983 Rais Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, ambayo hutolewa na Umoja wa Mataifa kwa utumishi bora kwa wakimbizi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huulizwa katika mitihani bila mfano. Mpanda mfano upo. Wanafunzi waulizwe: Mwenyeji alitoa nini? Mgeni alileta nini? Soko la mji lilipata nini?

Pamoja na hayo, ukweli wote usemwe. Katika makazi hayo mtu alihitaji kibali ili atoke nje, na wengi walizaliwa, wakakua na kuzaa wakiwa bado wanaitwa wakimbizi. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilikubaliana kutafuta suluhisho la kudumu. Wakazi wapatao 218,000 wa makazi yote matatu waliulizwa wachague: kurudi Burundi, au kuomba uraia wa Tanzania. Wapatao wanne katika kila watano walichagua uraia. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba watu zaidi ya 162,000 wamekubaliwa. Lakini ilikusudiwa kwamba wahamishwe kwanza na kutawanywa katika mikoa mingine, na kwa miaka kadhaa hawakujua kama watabaki katika mashamba yao. Hatimaye mpango wa kuwahamisha uliachwa, na tangu mwaka 2014 walianza kukabidhiwa hati zao za uraia.

Kwa swali la pili, jibu la Katumba na Mishamo limekuja katika hatua mbili. Mwaka 1972 na baada yake kilichokubaliwa ni kwamba mtu asirudishwe kwenye hatari. Mwaka 2014 kilichothibitishwa ni kwamba mtu aliyekaa, akalima, akazaa na kuzika hapa, anaweza kuwa mwananchi. Kati ya hatua hizo mbili ilipita miaka zaidi ya 40. Wanafunzi na wahesabu wenyewe, na waseme mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1974 alikuwa na umri gani alipopata hati.

MFANO WA NNE: ARUSHA

Baada ya mifano mitatu ya karibu, mwanafunzi yuko tayari kwenda mbali, na ana sababu ya kwenda. Atataka kujua: Ugomvi uliowaleta watu Katumba uliishia wapi? Jibu linampeleka Arusha.

Mazungumzo ya kuleta amani Burundi yalisimamiwa na Mwalimu Nyerere baada ya yeye kuondoka madarakani. Alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, kazi hiyo ilichukuliwa na Nelson Mandela wa Afrika Kusini. Mkataba ulitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Miongoni mwa mambo yaliyokubaliwa ni kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi, na mlikuwamo sehemu mahususi kuhusu wakimbizi na mali walizoziacha, ardhi ikiwamo. Si wote waliokuwa na silaha waliotia sahihi siku ile. Makundi mawili makubwa yalisalia nje, na mapatano nayo yalikamilishwa Dar es Salaam, la kwanza mwaka 2003 na la pili mwaka 2006. Mwaka 2015 Burundi ilipata tena machafuko ya kisiasa, na watu wakakimbilia tena mkoa wa Kigoma.

Arusha ilikuwa na mkataba mwingine kabla ya huo. Tarehe 4 Agosti 1993 Serikali ya Rwanda na chama cha RPF walitia sahihi mapatano katika mji huo huo. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowachukua Rais wa Rwanda na Rais wa Burundi, wakitoka kwenye mkutano Dar es Salaam, iliangushwa karibu na Kigali. Mauaji ya kimbari yaliyofuata yaliua mamia ya maelfu ya watu katika muda wa siku 100 hivi.

Mikataba hii miwili ifundishwe pamoja, wala mmoja usifichwe ili mwingine uonekane mzuri. Mji ni mmoja, wino ni ule ule, matokeo ni mbalimbali. Mwanafunzi akiiona tofauti hiyo hatasema tena kwamba Arusha ni mahali pa amani kwa sababu mikataba ilitiwa sahihi pale. Atauliza swali la tatu: Nani aliutunza mkataba baada ya wajumbe kurudi kwao, na nani alikataa?

MPANGO WA VIPINDI VIWILI

Mpango ufuatao unafaa darasa la tano au la sita, kwa vipindi viwili vya dakika 40. Madhumuni ni kwamba mwishoni mwanafunzi aweze kutaja mahali pawili pa amani mkoani mwake, kupapima kwa maswali matatu, na kueleza kwa nini amani ya mahali huhitaji watunzaji.

Zana ni rahisi. Mwalimu achore ramani ya mkoa kwenye karatasi ya manila, aonyeshe Mpanda, Karema, Katumba, Mishamo na Ziwa Katavi. Aandae pia kamba ya matukio: kamba ndefu inayofungwa kutoka ukuta hadi ukuta, na vipande vya karatasi vyenye miaka 1885, 1972, 1974, 1993, 2000 na 2014. Wanafunzi watavitundika kwa mpangilio unaofaa.

Kipindi cha kwanza. Dakika 5 za mwanzo, wanafunzi wataje mahali ambapo wao hujisikia salama, na kila mmoja atoe sababu. Mwalimu asisahihishe. Dakika 5 zinazofuata, aandike na kueleza maswali matatu. Dakika 20, asimulie habari za mkwaju wa Katavi na za Karema kwa maneno yake mwenyewe, bila kusoma kitabuni, akionyesha ramani. Dakika 10 za mwisho, vikundi vya wanafunzi watano watano vijibu maswali matatu juu ya mahali pamoja.

Kipindi cha pili. Dakika 15, mwalimu asimulie habari za Katumba na Mishamo, na wanafunzi watundike miaka kwenye kamba. Dakika 10, aieleze mikataba miwili ya Arusha. Dakika 10, wanafunzi wajadili: Kwa nini mkataba mmoja uliendelea na mwingine ukavunjika mapema? Dakika 5, muhtasari wa ubaoni, ambao utoke katika vinywa vya wanafunzi.

TAHADHARI

Somo hili linaweza kuumiza. Katika shule nyingi za Mpanda na Nsimbo, mtoto ambaye babu yake alivuka mpaka mwaka 1972 hukaa dawati moja na mtoto ambaye babu yake alikuwa mwenyeji. Uwanjani, neno mkimbizi bado hutumiwa kama tusi. Mwalimu akifundisha mfano wa tatu bila kujiandaa, atakuwa ametoa silaha mpya kwa wenye kutukana. Kwa hiyo azingatie mambo manne.

Kwanza, asimwite mtoto yeyote asimame na kueleza habari za ukoo wake. Mtoto akijitolea mwenyewe, asikilizwe kwa heshima, wala asiulizwe zaidi ya alichotaka kusema. Mwalimu hazijui hati za kila nyumba, wala hana haja ya kuzijua.

Pili, maana ya neno ielezwe waziwazi kabla ya simulizi. Mkimbizi ni neno linaloeleza hali ya mtu mbele ya sheria katika wakati fulani. Si jina la kabila, wala si jina la ukoo. Aliyepewa uraia si mkimbizi tena. Mwanafunzi akitamka neno hilo kwa dharau, mwalimu asikasirike na kumchapa, kwa maana fimbo haifundishi maana ya neno. Amrudishe kwenye swali la kwanza: Nani alikuwa hatarini? Kisha amuulize: Kama ungekuwa wewe, ungependa uitweje?

Tatu, ukatili usisimuliwe kwa kina. Watoto wa miaka kumi na mmoja hawahitaji kusikia namna watu walivyouawa ili wajue kwamba waliuawa. Vilevile makabila ya Burundi na Rwanda yasigawanywe katika wema na wabaya, kwa sababu watu wa pande zote wameonja msiba, na wapo wa pande zote waliookoa jirani zao.

Nne, imani za watu zisidhihakiwe wala kuhubiriwa. Wamo darasani Wakristo, Waislamu na wanaofuata mila za wazee. Mwalimu aseme "Wabende husimulia" au "Wakristo wa Karema huamini", na aishie hapo. Kazi yake ni kueleza kile ambacho watu hukiheshimu na jinsi heshima hiyo inavyowazuia wasidhuriane. Kuamua imani ipi ni ya kweli si kazi ya kipindi hiki.

KUPIMA

Maswali ya kujaza nafasi, kwa mfano "Mkataba wa amani ya Burundi ulitiwa sahihi mwaka ____", yanaweza kutumika, lakini hayapimi lengo la somo. Tunapendekeza zoezi lifuatalo.

Katika shule nyingi ugomvi wa kila siku hutokea penye bomba au kisima cha maji. Wakubwa huwasukuma wadogo, ndoo humwagika, watu hupigana. Kila kikundi kipewe kazi ya kupafanya hapo bombani kuwa mahali pa amani kwa muda wa wiki mbili. Kiandike nani yuko hatarini, ni kanuni zipi zisizozidi tatu zitakazokubaliwa, na nani atazitunza kila siku. Kanuni zisomwe mbele ya darasa, zijadiliwe, zichaguliwe, na wanafunzi watie sahihi. Baada ya wiki mbili darasa likutane na kupima matokeo.

Mara nyingi itaonekana kwamba wiki ya kwanza kanuni zilishikwa, na wiki ya pili zikaanza kuvunjwa. Mwalimu asione kuwa zoezi limeharibika. Hapo ndipo lilipofikia mahali pake, kwa sababu sasa wanafunzi watauliza wenyewe: Ni nani aliyeacha kutunza? Je, kuna kundi ambalo halikushirikishwa tulipotia sahihi? Je, kanuni ilikuwa ya haki kwa wadogo? Haya ndiyo maswali waliyokutana nayo wajumbe wa Arusha kwa miaka mingi.

Mwanafunzi apewe alama kwa sababu anazotoa, si kwa wingi wa majina anayokumbuka. Akisahau tarehe ya mkataba, ataipata kitabuni. Lakini akitoka darasani akijua kwamba jirani yake wa dawati hana deni la kumlipa kwa kukaa hapa, na kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wa watunzaji, somo litakuwa limefika.